Hennes, mbuzi wa Köln, na haki ya kustaafu

Maskoti, yaani kiumbe anayeiwakilisha timu uwanjani, kwa timu nyingi za soka ni mtu aliyevaa vazi. Vazi likichakaa, linashonwa jingine. Klabu ya 1. FC Köln ya Ujerumani yenyewe ina mbuzi dume aliye hai, na mbuzi huzeeka. Ndiyo maana tangu 1950 jina limebaki lilelile, Hennes, ila namba inapanda: Agosti 2019 alipokelewa Hennes wa 9.

Wa kwanza alikuwa zawadi ya Carola Williams, mwenye sarakasi, wakati wa kanivali ya Februari 1950. Akapewa jina la Hennes Weisweiler, aliyekuwa mchezaji na kocha wa timu hiyo. Leo mbuzi huyo yumo hadi kwenye nembo ya klabu.

Mimi ni daktari wa mifugo, na anayenigusa zaidi ni Hennes wa 8, aliyeshika nafasi mwaka 2008. Mwaka 2014 alihamishiwa bustani ya wanyama ya Köln, akaishi na jike aitwaye Anneliese. Hilo si pambo. Mbuzi ni mnyama wa kundi. Ukimfunga peke yake atalia kutwa na hata majani atayaacha.

Machi 2015, mshambuliaji Mnigeria Anthony Ujah alifunga dhidi ya Eintracht Frankfurt, akamkimbilia Hennes na kumvuta pembe kwa furaha. Baadaye aliomba radhi, na alifanya vyema. Ndani ya pembe mna mfupa hai wenye damu, umeungana na fuvu. Pembe si mpini.

Mwaka 2019 klabu ilimstaafisha kwa sababu viungo vilikuwa vinamuuma. Uamuzi huo naupenda sana, kwa kuwa mbuzi wengi wenye maumivu kama hayo hawatambuliwi mapema. Mtazame wako: anakula akiwa amepiga magoti ya mbele? Anachelewa kuinuka asubuhi? Kwato za mguu mmoja zimerefuka kuliko za mingine? Huo mguu anaukwepa. Kwato zikaguliwe kila baada ya wiki sita hadi nane na kupunguzwa zikizidi.

Huku kwetu mbuzi huja uwanjani kama zawadi ya kombe la mtaa. Nimewaona wakifungwa mguu kwenye mti mkavu tangu saa nane mchana, ulimi nje, ndoo ya maji ikiwa upande wa wachezaji. Kisha filimbi ya mwisho ikilia, mabingwa humnyanyua juu kwa miguu na pembe ili wapigwe picha.

Waandaaji, mfungeni kivulini, kwa kamba ya shingoni isiyokaza, na maji yawe karibu yake. Anayembeba apitishe mkono mmoja chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, amkumbatie ubavuni, apigwe picha moja, amshushe.