Si kila mfupa wa kale ni kisukuku

Jembe likiibua taya la mbuzi shambani Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, au mvua ikifichua mifupa chini ya jabali kisiwa jirani cha Ukerewe, siku hizi jina ni moja tu: kisukuku. Wengi wamelipata neno hili kwenye habari za tabianchi, ambako "mafuta ya kisukuku" hayaishi kutajwa, wakaelewa kwamba kila kitu cha zamani kilichofukiwa kinaitwa hivyo.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa enzi za kijiolojia, iliyohifadhiwa ardhini, mara nyingi baada ya madini kujaza vitundu vya mfupa hadi ukawa mzito kama jiwe. Mpaka unaotumika sana ni miaka 10,000, ingawa ni mpaka wa mazoea tu. Mfupa wa mnyama aliyeliwa na watu, ukatupwa jaani na kufunikwa na majivu, huo ni mabaki ya kale ya wanyama.

Anayesema "fosili" badala ya kisukuku ana kisingizio kidogo. Neno hilo limetoka kwenye fossilis ya Kilatini, yaani kilichochimbwa, na mzizi wake ni fodere, kuchimba. Mjerumani Georgius Agricola, mwaka 1546, alilitumia kwa madini na vito, kwa sababu navyo huchimbwa. Maana ilibanwa baadaye ikabaki kwa viumbe. Kwa hiyo anayeliita taya la mbuzi fosili anazungumza Kilatini cha karibu miaka 500 iliyopita. "Mabaki" nalo limetufikia kutoka Kiarabu, kwenye baki: mlo umekwisha, mifupa imesalia. Ndani ya neno hilo yumo mlaji, na huyo mlaji ndiye anayetafutwa mtu anapouliza kisiwa kilianza kukaliwa lini.

Kisiwani swali la kwanza ni hili: mnyama huyu alifikaje? Kiboko, mamba na nzohe (swala wa vinamasini) huvuka maji wenyewe, kwa hiyo mifupa yao haithibitishi kwamba palikuwa na mtu. Mbuzi na kondoo ni habari nyingine. Hakuna mbuzi mwitu kando ya ziwa hili. Akikutwa kisiwani, kuna mtu aliyempakia mtumbwini. Kisiwa cha Kupro, ambacho maji ya kina kirefu yamekitenga na bara, kimetoa paka aliyezikwa kando ya mtu yapata miaka 9,500 iliyopita. Paka hakuogelea hadi huko. Na kama mtu atachimba Rubondo miaka elfu ijayo akute mfupa wa twiga, asiseme kisiwa kiliungana na bara: twiga na sokwe wa Rubondo walipelekwa na watu katika karne ya 20.

Lakini hoja ya mtumbwi inahitaji maji kuwepo, na Ziwa Victoria halikuwepo siku zote. Palipo na kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi tu, na kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita lilikauka karibu lote. Ukerewe ilikuwa kilima. Mnyama wa wakati huo alipanda kwa miguu. Kisiwani Rusinga, upande wa Kenya, kumepatikana mifupa ya Rusingoryx, jamaa wa nyumbu aliyekwisha kutoweka, mla nyasi wa mbugani. Huyo ni kisukuku halali, na anaeleza nchi ilivyokuwa kabla ya kisiwa kuwa kisiwa. Hapo hapo Rusinga, kwenye tabaka za zamani zaidi, Mary Leakey alipata mwaka 1948 fuvu la nyani wa kale wa jamii ya sokwe, wa yapata miaka milioni 18. Kuliweka fuvu hilo na taya la mbuzi la Ukara chini ya jina moja ni kuchanganya nauli ya daladala na bei ya meli.

Mfano unaochanganya kuliko yote ni sangara. Visukuku vya jamaa zake vimo kwenye miamba ya kale ya Rusinga, lakini sangara wa sokoni aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Pingili yake, yaani kifupa cha uti wa mgongo, ikitokea kwenye tabaka linalodaiwa kuwa la miaka 3,000, tabaka hilo limechanganyika: fuko amepita, au shimo la choo limekata hapo.

Makosa mengine hufanyika kwenye chekeche, udongo uliochimbwa unapochungwa. Ukitumia matundu ya milimita 5, pingili za dagaa zinapita zote, halafu unaandika kwamba wenyeji wa kale hawakula dagaa. Shuka hadi milimita 2, na sehemu ya udongo uipitishe kwenye milimita 1 kwa maji. Udongo wa graniti ni wenye asidi na hula mifupa. Mifupa hudumu zaidi palipo na majivu au magamba ya konokono. Joto nalo humaliza kolajeni, protini ya mfupa, na bila kolajeni kipimo cha umri cha kaboni 14 kwa mfupa hukwama, ndiyo maana makaa ya jikoni hukusanywa pamoja nao. Alama za kisu ni nyembamba na zina umbo la V. Meno ya fisi huacha vishimo. Na mifupa ya mbuzi na kondoo hufanana mno, hata wazoefu huandika tu "mbuzi au kondoo".

Kwa hiyo taya la Ukara liite taya la mbuzi, au ukitaka uzito, mabaki ya kale ya mnyama. Na kabla ya kuling'oa, pima lilikuwa sentimita ngapi chini na andika lilikuwa limelala na nini.