Ufafanuzi kwa umma kuhusu Sokollu Mehmed Pasha, mtumwa wa Sultani aliyeshika muhuri wa dola

Tangu tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zianze kuoneshwa katika televisheni zetu, dawati la maulizo la makumbusho limekuwa likipokea maswali mengi kuhusu mawaziri wa Dola ya Uthmaniya, na katika miezi ya karibuni baadhi ya maswali hayo yamegeuka kuwa malalamiko. Wapo wageni wanaodai kwamba maelezo yaliyobandikwa katika chumba cha Wareno yanaficha mchango wa Waturuki katika pwani yetu, na wapo waliokasirishwa na kauli ya waongozaji wetu kwamba waziri mkubwa kuliko wote wa karne ya 16 alikuwa kisheria mtumwa. Kitengo cha elimu kwa umma kimeona ni vyema kutoa ufafanuzi kwa maandishi kuhusu waziri huyo, Sokollu Mehmed Pasha, Mbosnia aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Juni 1565 hadi Oktoba 1579. Ufafanuzi huu ni wa kihistoria tu. Haukusudii kutoa hukumu ya kidini, wala kuingilia ubishi uliopo baina ya Wabosnia na Waserbia kuhusu ni nani mwenye haki ya kumwita wa kwao. Sultani Suleiman na watoto wake wasomaji wanawafahamu vizuri, pengine kuliko inavyohitajika, kwa hiyo hatutawaeleza upya.

Tunaanza na suala la utumwa, kwa kuwa ndilo linaloulizwa zaidi na ndilo lililojaa makosa. Mehmed alizaliwa yapata mwaka 1505 katika kijiji cha Sokolovići, karibu na mji wa Rudo mashariki mwa Bosnia, katika familia ya Wakristo wa Kiorthodoksi, na simulizi zinamtaja kwa jina la Bajo. Hakutekwa vitani wala hakununuliwa sokoni. Alichukuliwa kwa utaratibu wa devshirme, yaani ukusanyaji wa vijana wa Kikristo kwa ajili ya utumishi wa Sultani, na utaratibu huo ulikuwa na kanuni ambazo ni lazima zielezwe kikamilifu ili mjadala uwe na maana.

Amri ya Sultani ilipotoka, ofisa wa janisari, askari wa miguu wa Sultani, alifika wilayani akiwa na barua ya uteuzi, na mpiga mbiu alitangaza kwamba kila baba mwenye watoto wa kiume wa umri uliotajwa awalete, akifuatana na padri aliyebeba daftari la ubatizo ili umri usidanganywe. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa kijana mmoja kwa kila kaya 40. Mtoto wa kiume wa pekee hakuchukuliwa, wala kijana aliyekwisha kuoa. Waliochaguliwa waliandikwa katika madaftari mawili yanayofanana: jina la kijana, jina la baba yake, kijiji chake, jina la mpanda farasi aliyepewa mapato ya eneo hilo, na alama za mwili za kumtambulisha. Daftari moja lilibaki kwa ofisa na la pili alikabidhiwa msindikizaji wa msafara, na walipofika Istanbul madaftari hayo yalilinganishwa mstari kwa mstari ili ihakikishwe kwamba hakuna aliyebadilishwa njiani kwa rushwa. Vijana walivishwa nguo nyekundu ili atakayetoroka atambulike upesi. Ni kweli kwamba wazazi walificha watoto, waliwaozesha mapema na walilia barabarani. Kuwepo kwa kanuni hakukuondoa machozi, na hakuna mtaalamu wa makumbusho haya aliyewahi kusema vinginevyo.

Baada ya ukaguzi wengi walipelekwa kwa wakulima wa Anatolia kujifunza Kituruki na kazi ngumu kabla ya kuingizwa jeshini, na wachache walioonekana wana akili na umbo zuri waliingizwa katika shule za ikulu. Mehmed aliangukia katika kundi la wachache. Alisilimu, akasomea katika ikulu ya Edirne, kisha akahamishiwa Istanbul, ambako alitumikia vyumba vya ndani kwa miaka mingi hadi akawa mkuu wa mabawabu. Ukubwa wake haukuanzia kwenye mapenzi ya binti mfalme. Alimwoa Ismihan Sultan, mjukuu wa Suleiman, mwaka 1562, akiwa amepita miaka 50 na mwenyewe tayari ni waziri wa siku nyingi, ilhali bibi harusi hajatimiza miaka 20. Tunarudia: alikuwa waziri kwanza, mkwe baadaye.

Hadhi yake kisheria ilikuwa ya mtumwa wa Mlango wa Sultani, yaani wa ikulu na serikali yake, na msomaji asiipime kwa picha ya mashamba ya karafuu ya Unguja, kwa sababu hatalielewa jambo hata moja. Mtumwa wa Mlango aliamuru majenerali, alimiliki watumwa wake mwenyewe, aliwahukumu watu huru na kupokea mabalozi. Alichokikosa ni kinga. Mtu huru alistahili kufikishwa mbele ya kadhi kabla ya kuadhibiwa kwa kosa kubwa, lakini mtumwa wa Mlango angeweza kuuawa kwa amri ya Sultani pekee, bila shauri, bila shahidi na bila rufaa, na kwa kawaida kwa kunyongwa. Pili, mali yake ilihesabiwa kuwa amana ya Sultani: alipouawa, au hata alipofariki kitandani, maofisa wa hazina waliweza kufika nyumbani, kuweka lakiri kwenye milango, kuandika kila kitu kuanzia farasi hadi mazulia, na kuchukua walichoamriwa kuchukua. Mali iliyosalimika kwa yakini zaidi ni ile iliyokwisha kuwekwa wakfu. Ibrahim Pasha aliuawa mwaka 1536 na Kara Ahmed Pasha mwaka 1555, wote wawili wakiwa Mawaziri Wakuu wa Suleiman huyo huyo. Sokollu aliyaona yote hayo akiwa katika utumishi wa Sultani, akapokea cheo hicho hicho miaka kumi baada ya Kara Ahmed.

Njia yake ya kupanda ilikuwa ya kiofisi. Mwaka 1546, mkuu wa majeshi ya majini Hayreddin Barbarossa alipofariki, alipewa uongozi wa jeshi la majini ingawa hakuwa mwanabahari, na kazi aliyoifanya zaidi ni kuratibu gati na maghala ya Istanbul. Kutoka hapo alikuwa gavana mkuu wa Rumeli, jimbo la Ulaya la dola, akapigana Hungaria na Uajemi, akaingia Diwani, yaani baraza la mawaziri, akiwa waziri wa tatu, kisha wa pili. Mwaka 1559 alipelekwa kumsaidia mwanamfalme Selim dhidi ya ndugu yake Bayezid katika vita vya Konya, na uteuzi huo ulimfaa sana baadaye. Waziri Mkuu Semiz Ali Pasha, Mbosnia mwenzake, alipofariki Juni 1565, muhuri ukaja kwake.

Muhuri huo unahitaji maelezo. Waziri Mkuu alivaa muhuri wa Sultani, na bila muhuri huo hazina haikufunguliwa wala kufungwa. Diwani ilikutana siku nne kwa wiki, Jumamosi hadi Jumanne, ikisikiliza maombi ya raia na kesi za maofisa, na mwisho wa kikao milango ya hazina na ya chumba cha madaftari ililakiriwa kwa muhuri huo. Alasiri, Waziri Mkuu aliendelea kusikiliza malalamiko nyumbani kwake, katika kikao kilichoitwa Diwani ya Alasiri, ambako mtu wa kawaida aliweza kuingia na karatasi yake mkononi. Kunyang'anywa muhuri ndiko kulikokuwa kufukuzwa kazi, hakukuhitajika barua.

Mwaka mmoja tu baada ya kuupokea, Sokollu aliutumia kwa namna ambayo tamthilia hupenda kuikuza, ingawa ukweli wake hauhitaji chumvi. Suleiman alifariki usiku hemani mwake, mwanzoni mwa Septemba 1566, wakati jeshi limeizingira ngome ya Szigetvár huko Hungaria. Mrithi, Selim, alikuwa Kütahya, mbali sana, na janisari wakijua kiti kiko wazi wangeweza kuvunja nidhamu na kupora. Sokollu akatuma mjumbe wa siri kwa Selim na akaendelea kana kwamba Sultani ni mgonjwa tu. Siku moja au mbili baadaye ngome ilianguka. Barua za ushindi zikaandikwa kwa jina la Suleiman, vyeo na nyongeza za mishahara zikatolewa kwa jina lake, na askari wakapewa kazi ya kujenga upya kuta walizozibomoa ili wasipate nafasi ya kuulizana. Katibu wake Feridun Bey na wahudumu wachache wa ndani ndio waliokuwa na siri hiyo. Safari ya kurudi ilipoanza, mtu aliyefanana na Sultani aliketi ndani ya gari lililofunikwa, na Waziri Mkuu akapanda farasi kando yake, mara kwa mara akiinama dirishani na karatasi za maombi kama anayemsomea bwana wake. Siri hiyo ilidumu takriban siku 48, hadi alfajiri moja karibu na Belgrade, wasomaji wa Qur'ani walipolizunguka gari na kuanza kusoma kwa sauti, na jeshi zima likaelewa.

Selim wa Pili alimwachia serikali. Amani na Wahabsburg, ukoo uliotawala Austria, ilifungwa mwaka 1568, nao wakakubali kulipa dukati (sarafu za dhahabu) 30,000 kila mwaka. Kisha ikaja mipango ya maji, ambayo inawagusa wasomaji wa pwani yetu. Mwaka 1568 gavana wa Misri aliamriwa kupeleka wahandisi kuchunguza kama mfereji ungeweza kuchimbwa Suez, ili merikebu zipite kutoka Mediterania hadi Bahari ya Shamu na kuwakabili Wareno katika Bahari ya Hindi. Mfereji haukuchimbwa. Msafara wa meli ulioandaliwa kumsaidia Sultani wa Aceh, kule Sumatra, ulikwamishwa na maasi ya Yemen, na mwaka 1569 jaribio la kuunganisha mito ya Don na Volga ili kuwazuia Warusi liliachwa njiani.

Kwa hiyo, dai kwamba Sokollu ndiye aliyemtuma nahodha wa Kiuthmaniya Mir Ali Bey Mombasa si sahihi, na tungeshukuru kama lingekoma kuandikwa katika kitabu chetu cha maoni. Safari za Mir Ali Bey zilikuwa za 1585 hadi 1586 na 1588 hadi 1589, Sokollu akiwa amekwisha kufariki. Alikamatwa na Wareno Mombasa mwaka 1589, na ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza 1593. Kinachoweza kusemwa kwa tahadhari ni kwamba Sokollu alikuwa miongoni mwa viongozi wa Istanbul walioiona Bahari ya Hindi kuwa suala la dola, na si la mabaharia wa Bahari ya Shamu peke yao.

Vita vya Kupro vya 1570 hakuvitaka. Wapinzani wake barazani walivitaka, na Lala Mustafa Pasha, Mbosnia mwingine, ndiye aliyeongoza jeshi la nchi kavu. Venezia, Hispania na Papa wakaungana, na tarehe 7 Oktoba 1571 wakaliangamiza karibu jeshi lote la majini la Uthmaniya huko Lepanto. Wageni wetu wengi huishia hapo na kutangaza kwamba dola ilikwisha, jambo ambalo halikubaliani na kumbukumbu. Majira ya baridi hayo hayo gati zilifanya kazi bila kupumzika, na mwaka 1572 merikebu mpya zipatazo 150 zilikuwa majini. Inasimuliwa kwamba mkuu mpya wa majeshi ya majini aliposita kuhusu nanga na kamba, Sokollu alimjibu kwamba dola hii ikitaka itatengeneza nanga za fedha na matanga ya atlasi. Na kwamba alimwambia balozi wa Venezia kuwa wao wamewanyoa Waturuki ndevu tu, ambazo zitaota tena, ilhali Kupro ni mkono uliokatwa. Machi 1573 Venezia ilikiachia kisiwa hicho na kukubali kulipa dukati 300,000.

Tunaulizwa pia kama aliwasahau watu wake. Hakuwasahau, na baadhi ya maadui zake waliona amewakumbuka kupita kiasi. Mwaka 1557, akiwa waziri, Upatriaki wa Kiserbia wa Peć, yaani uongozi wa juu wa Kanisa la Waserbia, ulirejeshwa na kukabidhiwa Makarije Sokolović, jamaa yake wa damu. Binamu yake Mustafa Pasha alitawala Buda, huko Hungaria, kwa miaka 12. Mali yake kubwa aliiweka wakfu, kwa sababu tulizokwisha kueleza na bila shaka kwa ajili ya thawabu pia: msikiti wa Kadırga jijini Istanbul, majengo ya Lüleburgaz na Payas, na daraja la mawe la Višegrad juu ya mto Drina, lisilo mbali na kijiji alikozaliwa. Msanifu majengo Mimar Sinan ndiye aliyelibuni. Ujenzi ulianza 1571 ukamalizika 1577. Lina matao 11 na urefu wa takriban mita 180. Matao kadhaa yaliharibiwa katika vita viwili vikuu vya karne ya 20, yakajengwa upya, na mwaka 2007 daraja likaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Murad wa Tatu, mrithi wa Selim, aliyetawazwa Desemba 1574, hakumwondoa, alimpunguza. Feridun Bey alifukuzwa, vita na Uajemi vilianzishwa mwaka 1578 licha ya ushauri wake, na mwaka huo huo Mustafa Pasha wa Buda akauawa kwa amri.

Mwisho wake ulitokana na shauri dogo la kiutawala. Timari ilikuwa mapato ya kodi ya eneo fulani, yasiyofikia akche (sarafu ndogo za fedha) 20,000 kwa mwaka, ambayo mpanda farasi alipewa badala ya mshahara. Iliandikwa kwa jina lake, haikuwa mali yake, na iliweza kupunguzwa au kupewa mwingine asipotimiza utumishi. Aliyeona amedhulumiwa alianza kwa gavana wake mkuu, na asiporidhika alipeleka ombi Istanbul. Inaelezwa kwamba mtu mmoja wa asili ya Bosnia, aliyepunguziwa mapato yake na kukosa jibu alilolitaka, alifika kwenye Diwani ya Alasiri mnamo tarehe 11 Oktoba 1579 akiwa amevaa kama dervishi, yaani fukara wa Kisufi. Aliruhusiwa kusogea na karatasi yake, kama walivyoruhusiwa waombaji wote. Waziri Mkuu alipounyosha mkono kuipokea, alichomwa kisu kifuani, na akafariki siku hiyo hiyo. Muuaji alihukumiwa kifo na Sokollu akazikwa Eyüp, katika kaburi lililobuniwa na Sinan.

Muhuri ulirudi kwa Murad, naye akampa Semiz Ahmed Pasha, aliyefariki Aprili 1580. Baada yake Lala Mustafa Pasha alizifanya kazi za Waziri Mkuu bila kupewa muhuri, hadi naye alipofariki Agosti mwaka huo.