Damu ya kitovu haitibu kila ugonjwa wa mtoto

Wazazi wengi huamini kwamba damu ya kitovu, inayokingwa mtoto anapozaliwa, ikihifadhiwa, mtoto atakuwa na tiba yake mwenyewe, augue lolote. Ni kweli ina seli shina zinazozalisha damu. Upandikizaji wa kwanza wa damu hiyo, Paris mwaka 1988, ulimponya mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuzalisha damu ya kutosha, ila damu ilitoka kwa mdogo wake wa kike aliyezaliwa bila ugonjwa huo. Ugonjwa wa kurithi kama selimundu umo pia katika seli za mgonjwa mwenyewe. Kumrudishia zilivyo hakumponyi. Tena kiasi kinachokingwa mara nyingi hakimtoshi mtu mzima.

Kama kaka au dada wa mtoto tayari ana ugonjwa wa damu, hapo kuna hoja nzito: muulizeni daktari wa damu. Vinginevyo someni mkataba wa benki inayohifadhi damu hiyo: ada ya kila mwaka, na damu itapelekwa wapi benki ikifungwa.