Demoni za zamani kwenye kompyuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila nikiwambia watu kwamba usiku nakaa nasoma kodi (maandishi yanayounda programu) ya demoni ya zamani inayoitwa inetd ili kuitunza, maneno ni yale yale, nishayasikia mpaka yamenikaa kichwani, na naona vijana wetu wengi wa Unguja na Pemba wanaikimbia kazi hii ya kutunza demoni za zamani kwa mambo ambayo si kweli hata kidogo, kwa hivo leo nayaandika na jawabu zake.

"Demoni si jini hilo? Si virusi?"

Hapana. Ni programu inayokaa nyuma kimya kimya ikingojea kazi. Jina limeanzia MIT mwaka 1963 kwenye mradi wa MAC, walimchukua yule demoni wa mwanafizikia Maxwell anaechambua chembe za hewa bila kuchoka. Inetd yenyewe ni kama bawabu mmoja wa milango mingi, mtu akibisha mlango fulani ndo anamwamsha mwenyewe aje afungue. Ilikuja na 4.3BSD, mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1986 na mpaka leo imo ndani ya warithi wake FreeBSD, OpenBSD na NetBSD.

"Miaka yote hiyo inatumika, bagi, yaani makosa ya kodi, zishaisha zamani."

Hili ndo linaloniuma zaidi mana hata walosoma wanalisema. Kutumika sana siko kukaguliwa. Angalia fingerd, demoni ya kujibu nani yumo kwenye mashine, ilikuwa na bafa (nafasi ya kuwekea data) ya baiti 512, na alichotuma mtu ikikisoma kwa gets, amri ya lugha ya C, na gets haiulizi nafasi imebaki kiasi gani, inamimina tu. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris, programu inayojisambaza yenyewe mtandaoni, ukaipelekea baiti 536. Zilizozidi ni 24 tu, lakini zilimwagikia pale panapokaa anuani ya kurudia kwenye steki, yaani pale programu inapoandika irudi wapi ikimaliza kipande cha kazi, na mashine za VAX zikaanza kutii amri za mgeni. Dawa yake ilikuwa fgets, ambayo inapewa kikomo, badala ya gets, mstari mmoja huo. Watu wakasema wamejifunza, lakini Disemba 2011 FreeBSD wakatangaza shimo la usalama la ukoo ule ule kwenye telnetd, demoni ya kuingilia mashine kutoka mbali, namba ya ufunguo inanakiliwa kwenye nafasi yenye kipimo maalumu na hakuna alopima inayoingia, na kodi ile ilikuwa na umri wa kutosha tu, ilikuwa inatumika siku zote.

"Basi futa yote, andika upya kisasa."

Hapa naomba tukae kidogo. Tulokulia Mji Mkongwe tunazijua nyumba zetu, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unavuta unyevu na unautoa. Anakuja fundi anaona chokaa inapukutika, anasema hii ya kizamani, anapiga saruji, ukuta unang'ara mwaka mmoja miwili, afu unyevu na chumvi vinakosa pa kutokea na ukuta unaoza kwa ndani. Chokaa ilikuwa na sababu yake pale, ila fundi hakuuliza.

Kwenye sshd ya OpenSSH, demoni ya kuingilia mashine kutoka mbali kwa usalama, imetokea hivo hivo. Mwaka 2006 likaonekana shimo: mtu akichelewa kuingia kengele inalia, na ile fanksheni (kipande cha kodi) ya kengele inaweza kuingilia katikati wakati memori bado inapangwa, kila kitu kikavurugika. Wakaziba. Oktoba 2020 wakati wa kupanga upya kodi ya kuandika logi (kumbukumbu za matukio) ule ulinzi ukatoka bila kukusudia, toleo la 8.5p1 likatoka nao haupo, na shimo likarudi Linux mpaka Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, walipolitangaza tarehe 1 Julai 2024. Karibu miaka minne. Na walokuwa wanashika kodi ile ni mafundi hasa.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Ndani ya demoni moja ya zamani niliona kwenye fanksheni inayopokea SIGCHLD, ishara kwamba programu-mtoto imemaliza, mwanzo inaiweka errno, namba ya kosa la mwisho, pembeni na mwisho inairudisha. Nikaona hii ya nini, nikaifuta, nikatuma kiraka, yaani badiliko la kodi. Mkaguzi kaniuliza suali moja tu: ishara ikifika baina ya accept (amri ya kupokea mgeni wa mtandaoni) kufeli na programu kuitazama errno, itaona nini? Nilikaa na suali hilo usiku mzima. Accept imekatizwa, errno ni EINTR, maana yake jaribu tena. Fanksheni ya ishara inaingia, inaita wait kuwakusanya watoto mpaka waishe, inaacha ECHILD, maana yake hakuna mtoto, na programu ikirudi inaona kosa geni inajifunga. Mistari miwili ile ndo ilokuwa inaiweka seva hai. Tangu siku hiyo sifuti kitu mpaka niweze kusema kwa mdomo kiliwekwa kwa nini, na kama kuna historia ya ripozitori (ghala la kodi na mabadiliko yake) naisoma mpaka mwaka wa mwanzo.

"Kodi haiozi, si mbao."

Yenyewe haibadiliki, lakini kilicho chini yake kinabadilika. GCC, programu inayoigeuza kodi ya C iweze kuendeshwa, toleo la 14 la 2024 inakataa kuita fanksheni ambayo hukuitangaza, na GCC 15 ya 2025 inakwenda na C23, kanuni mpya za lugha ya C, ambapo ule mtindo wa zamani wa kutaja aina za vigezo nje ya mabano haupo tena, na demoni za miaka ya themanini zimejaa mtindo huo. Halafu kuna saa. Hesabu ya sekunde ambayo kompyuta inajulia wakati, ikiwekwa kwenye biti 32, inajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu ni 12:14 asubuhi. OpenBSD walishahamia biti 64 kwenye toleo la 5.5 mwaka 2014, hata kwa mashine za biti 32.

"Kutunza maana yake kuiweka milele." Wala. Telnetd OpenBSD waliitoa 2005, FreeBSD wakaitoa kwenye 14.0 mwaka 2023 na kuiacha kwenye potsi, ghala la programu za ziada, kwa anaeihitaji. Kuitoa kwa mpango nayo ni kazi ya mtunzaji.

"Hii ya watu wa Ulaya wenye mashine kubwa."

Kiraka ni maandishi, kilobaiti chache, bando la siku linatosha na linabaki. Mimi natumia laptopu ya mtumba. Kuna kijana wa Wete tunasoma nae, jana kaniletea kiraka chake cha kwanza: pale jina linaponakiliwa kaondoa strcpy, inayonakili bila kupima, kaweka strlcpy, inayopima, na jambo lilonifurahisha kaiangalia na namba inayorudi, mana ikifika ukubwa wa bafa ujue jina limekatwa. Kaniuliza, "Kaka, nitume?" Nimemwambia bado, kwanza aandike juu yake, kwa maneno yake mwenyewe, lile jina linatoka wapi na linaweza kuwa refu kiasi gani.