Jamani, Msimsingizie Adam Smith

Juzi, kwenye semina ya jioni ninayofundisha, mwanasemina mmoja, mfanyabiashara mwenye heshima zake, aliinuka akatuambia kwamba uchoyo ndio unaojenga uchumi. “Adam Smith mwenyewe kasema, mwalimu. Kila mtu ajali tumbo lake, ule mkono usioonekana utapanga mengine.” Darasa zima likaafiki. Nikamuuliza kayasoma wapi hayo. Akacheka. Mimi sikucheka, maana ilikuwa mara ya tatu mwezi huu, na katika miaka yote niliyofundisha historia ya fikra za uchumi sijamaliza muhula bila kuisikia.

Haya, tufungue kitabu. Utajiri wa Mataifa, cha huyo Smith, mwanafalsafa na mchumi wa Scotland, kilichapishwa Machi 1776, na unene wake unatosha kuzuia mlango usijifunge. Humo ndani mote, “mkono usioonekana” umetajwa mara moja tu, katika Kitabu cha Nne, sura ya pili. Anayezungumziwa hapo ni mwenye mtaji anayesita kuupeleka nje ya nchi. Huko hauoni kwa macho yake, hawajui vizuri watu atakaowakabidhi, na akidhulumiwa hajui sheria ya kumtetea. Basi kwa kujitafutia usalama anauweka nyumbani, na kwa kujitafutia faida anauelekeza kwenye shughuli yenye tija kubwa zaidi. Pato la jamii linaongezeka ingawa yeye hakuwa na nia hiyo. Na Smith, mtu wa tahadhari, anasema jambo hilo hutokea mara nyingi. Hakusema siku zote. Neno hilo dogo, “mara nyingi”, ndilo linalodondoka njiani kila anaponukuliwa.

Uchoyo je? Anachokitaja Smith ni maslahi binafsi, na hivyo ni vitu viwili. Ule mfano wake maarufu wa mwoka mikate unahusu mapatano: ukitaka mkate humwendei mwokaji kumlilia shida zako, unampa sababu ya kukuuzia. Wewe unaondoka na mkate, yeye anabaki na pesa, na akikupunja kesho utakwenda kwa jirani yake. Toa huyo jirani, na mfano wote unaanguka. Isitoshe, aliyeandika hayo alikuwa amefundisha falsafa ya maadili Glasgow, na kitabu chake cha 1759 kinaanza kwa kusema kwamba mtu, hata adhaniwe mbinafsi kiasi gani, ana jambo ndani yake linalomfanya ajali hali ya wenzake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaomnukuu hivyo mara nyingi ni wafanyabiashara, watu ambao Smith hakuwaamini hata kidogo. Anasema watu wa biashara moja ni nadra kukutana, hata kwa burudani tu, pasipo mazungumzo kuishia kwenye njama dhidi ya umma au hila ya kupandisha bei. Anasema waajiri daima wana makubaliano ya chinichini ya kutopandisha ujira, ila hatuyasikii kwa sababu ndiyo hali ya kawaida, ilhali wafanyakazi wakiungana makelele yake yanafika hadi mahakamani. Anamalizia Kitabu cha Kwanza kwa kuonya kwamba sheria yoyote inayopendekezwa na tabaka hilo ichunguzwe kwa muda mrefu na kwa shaka nyingi. Kuhusu kampuni za ukiritimba za zama zake, kama ile ya Uingereza iliyotawala sehemu za India, aliandika kwamba serikali ya kampuni ya wafanyabiashara huenda ndiyo mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo anaposema soko liwe huru, uliza: huru kutoka kwa nani? Jibu limejaa kitabuni. Kutoka kwa hati za ukiritimba, vyama vya mafundi vilivyowafungia wengine nje, ushuru na marufuku za forodha ambazo wenye viwanda walikwenda kuziomba bungeni wenyewe. Mtu anayemtaja Smith asubuhi na mchana akaomba kibali cha kuagiza bidhaa peke yake, huyo ndiye hasa aliyeandikwa humo, na hakuandikwa kwa sifa.

Nilipowasomea hayo, yule mfanyabiashara akaguna: “Kumbe alikuwa mjamaa?” La, hasha! Smith aliamini ushindani kwa dhati, na aliona mtawala anayejifanya anajua kila mtu aweke wapi mtaji wake ni mtu wa hatari. Huwezi kutoka shimo moja ukatumbukia la pili. Ushauri wangu ni uleule ninaourudia hadi wanafunzi wananikwepa kwenye korido: ukikutana na nukuu yake, soma aya tatu kabla na tatu baada, ndipo ufungue mdomo.

Hiyo ya uchoyo ni singizio la kwanza. La pili ni kwamba wachumi wa klasiki, yaani Smith na waliofuata nyayo zake, walitaka serikali ilale usingizi. Ule msemo wa “acheni watu watende” ni wa Wafaransa, wala Smith hakuutumia katika kitabu hicho. Yeye aliipa serikali ulinzi, haki, na kazi za umma ambazo faida yake haimlipi mtu mmoja mmoja, pamoja na elimu kwa watoto wa maskini. Alitetea ukomo wa riba. Alitaka benki zizuiwe kutoa noti za thamani ndogo, akalinganisha katazo hilo na sheria ya kujenga kuta za kuzuia moto usiruke nyumba hadi nyumba. Tangu 1778 alikuwa kamishna wa forodha Scotland. Mtu asiyetaka serikali haendi kukusanya ushuru wake.

La tatu linatajwa dhidi ya David Ricardo, mchumi Mwingereza aliyekuja baada ya Smith: nchi iliyo dhaifu katika kila kitu haina cha kupata katika biashara. Hesabu yake ya 1817 haihitaji kikokotoo. Ureno inahitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza divai fulani na 90 kutengeneza nguo fulani; Uingereza inahitaji 120 kwa divai na 100 kwa nguo. Ureno ni hodari kwa vyote. Hata hivyo, ikipeleka divai ya watu 80 inapata nguo ambayo ingeigharimu watu 90, na Uingereza inatoa nguo ya watu 100 ikapata divai ambayo ingeigharimu 120. Wote wameokoa kazi. Lakini mashabiki wa Ricardo nao wasijisifu sana: alichukulia kwamba mtaji hauvuki mipaka kirahisi, na mwenyewe alikiri kwamba ungevuka, nguo na divai zote zingehamia Ureno. Mkosoaji Friedrich List, mwaka 1841, alikuwa na hoja ya kweli kuhusu viwanda vichanga, ila naye alitaka vilindwe dhidi ya bidhaa za nje kwa muda tu. Wanaomnukuu husahau sehemu hiyo ya muda.

Wakosoaji wanasingiziwa vilevile. Karl Marx, mkosoaji mkuu wa ubepari, hakubuni wazo la kwamba kazi ndiyo chanzo cha thamani, aliwakuta Smith na Ricardo wanalo. Na Ilani yake ya Kikomunisti ya 1848 ina sifa nyingi zaidi za nguvu ya uzalishaji ya mabepari kuliko hotuba za mabepari wenyewe. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes naye hakusema serikali itumie pesa siku zote. Mwaka 1937 aliandika kwamba wakati wa kubana matumizi ni uchumi unapopaa, si unapoanguka. Nusu ya kwanza ya ushauri huo wanasiasa hawaitaki, basi wanajifanya haipo.

Na wale mnaosema uchumi uliitwa “sayansi ya huzuni” kwa sababu ya utabiri wa mchumi Malthus kuhusu njaa: mwandishi Thomas Carlyle alilitoa jina hilo mwaka 1849 katika makala ya kutaka watu weusi wa West Indies, visiwa vya Karibi, walazimishwe kufanya kazi. Wachumi walimuudhi kwa sababu walishikilia kwamba ujira uamuliwe na mahitaji na ugavi, si kwa mjeledi.