Imla na Faragha: Kwa Nini Tawala za Kiimla Huogopa Mtu Aliyepumzika

Kila aliyepita shule ya msingi anaikumbuka imla. Mwalimu anasimama mbele ya darasa, anasoma sentensi polepole, nanyi mnaiandika kama alivyoitamka. Huulizi kama sentensi ile ni ya kweli, wala huongezi lako. Mwishoni daftari lako linapaswa kufanana na la jirani yako, na ambaye lake ni tofauti amekosea. Kutokana na neno hilo Kiswahili kimepata utawala wa kiimla, na kila ninapofundisha mada hii huanzia hapo, maana picha tayari imo kichwani mwa kila mtu.

Dikteta wa kawaida huridhika watu wakinyamaza. Lipa kodi, usimseme mkubwa, nenda zako nyumbani. Utawala wa kiimla hautosheki na ukimya. Unataka uimbe, uandamane, uamini, na ukishafika nyumbani unataka kujua unafanya nini humo ndani. Ujerumani ya Hitler na Muungano wa Kisovieti chini ya Stalin ndiyo mifano miwili inayosomwa zaidi, na wengi wetu tunapoitaja tunafikiria kambi, magereza na mauaji. Ni haki kufanya hivyo. Ila leo naomba tutazame jambo linaloonekana dogo: tawala hizo zilifanya nini na siku ya mapumziko.

Tuanze na Ujerumani. Tarehe 2 Mei 1933, siku moja tu baada ya serikali kuwafanyia wafanyakazi sherehe kubwa ya Mei Mosi, ofisi za vyama vya wafanyakazi zilivamiwa nchi nzima, viongozi wakakamatwa na mali zikachukuliwa. Badala yake kikaundwa chombo kimoja chini ya Robert Ley, na Novemba mwaka huohuo chombo hicho kikaanzisha idara ya starehe iliyoitwa Kraft durch Freude, yaani Nguvu kwa Furaha. Idara hiyo ilipanga tamasha za muziki, tiketi nafuu za maigizo, michezo, matembezi ya milimani, hata safari za meli hadi Norwei na kisiwa cha Madeira. Tusidanganyane: watu wengi walifurahi kwelikweli. Fundi wa kiwandani ambaye baba yake hakuwahi kuiona bahari alipanda meli. Lakini waliomlipia nauli walikuwa na hesabu yao. Miongoni mwa abiria walipandishwa wapelelezi, wakajifanya wasafiri kama wengine, wakasikiliza watu wanazungumza nini wakiwa mezani na kwenye sitaha, kisha wakaandika ripoti.

Nenda kisiwa cha Rügen, pwani ya Baltiki, uone Prora, kituo cha likizo cha idara hiyohiyo. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 2 Mei 1936, miaka mitatu kamili tangu vyama vya wafanyakazi vivunjwe. Ni majengo yaliyopangwa kwa mstari kandokando ya ufuo kwa urefu wa kilomita 4 na zaidi, yakikusudiwa kulaza watu 20,000 kwa wakati mmoja. Vyumba vilichorwa vyote sawa: vitanda viwili, kabati, beseni la kunawia, na dirisha linalotazama bahari. Katikati ya ramani uliwekwa ukumbi wa kuwakusanya watu wote 20,000 pamoja. Fikiria mapumziko ya namna hiyo. Umesafiri mbali kukimbia kiwanda, umekuta kiwanda kingine, safari hii cha kuota jua. Vita vilianza mwaka 1939 kabla ya ujenzi kwisha, na hakuna mfanyakazi aliyewahi kulala pale kwa likizo ya idara ile.

Ley ndiye anayetajwa kujigamba kwamba katika Ujerumani yao, aliyebaki na maisha yake binafsi ni yule tu aliye usingizini.

Wasovieti walipita njia nyingine. Mwaka 1929 serikali iliifuta wiki ya siku saba na kuanzisha wiki ya siku tano isiyosimama. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi likapewa rangi yake na siku yake ya kupumzika, ili siku yoyote wanne kati ya kila watano wawe kazini na mashine zisizime. Sababu iliyotangazwa ni uzalishaji, na ni kweli walikuwa na mpango wa miaka mitano wa kuukimbiza. Lakini hatua hiyo iliifuta pia Jumapili ya Mkristo, Ijumaa ya Mwislamu na Sabato ya Myahudi, na hilo halikuwa bahati mbaya katika nchi iliyokuwa ikipiga vita dini waziwazi.

Sasa ingia ndani ya nyumba moja. Mume amepewa rangi ya njano, mke kijani. Mume akiwa nyumbani mke yuko kiwandani, mke akipumzika mume ameondoka alfajiri. Watoto wako shuleni. Rafiki wa zamani ana rangi nyingine, kwa hiyo ugeni hakuna. Kwa hesabu, watu hawa walipata siku nyingi zaidi za mapumziko kuliko awali, moja katika kila tano badala ya moja katika kila saba. Hata hivyo wafanyakazi walilalamika, tena mapema, kwamba siku ya mapumziko ambayo mtu anakaa peke yake si sikukuu. Kwangu lalamiko hilo ni somo zima la elimu ya siasa. Kupumzika ni zaidi ya mwili kuacha kazi. Ni watu kukutana wakiwa hawana wanachodaiwa.

Mpango ule haukudumu. Mashine zisizozimwa hazikupata matengenezo, na kwa kuwa mikono ilibadilishana kila siku, hakuna aliyekuwa na jukumu la kuziangalia. Mwaka 1931 ikaja wiki ya siku sita yenye siku moja ya mapumziko kwa wote, na Juni 1940 wiki ya siku saba ikarudi. Ilirudi na sheria kali: kuacha kazi bila ruhusa au kutofika kazini bila sababu kukawa kosa la jinai.

Ukweli unaingiaje katika habari hii ya likizo na kalenda? Unaingia kwa mlango huohuo. Mwaka 1931 lilichapishwa bango la Kisovieti lenye hesabu kubwa: 2 + 2, ukijumlisha na ari ya wafanyakazi, ni 5. Maana yake ilikuwa kwamba mpango wa miaka mitano utakamilika katika miaka minne. Anayekimbia kwenda zamu anapita mbele ya bango hilo na hasimami. Kusimama kunahitaji muda, na kumwuliza mwenzako “Hivi wewe unaielewaje hesabu hii?” kunahitaji mwenzako awepo, awe na muda kama wewe, na usimwogope.

Yaliyowakuta waliohesabu kwa uaminifu yanajulikana. Januari 1937 ilifanyika sensa ya nchi nzima. Stalin alikuwa ameshajigamba kuhusu ongezeko la watu, lakini wataalamu walipata takriban milioni 162, pungufu kwa mamilioni ya idadi iliyotarajiwa, kwa sababu njaa ya miaka ya 1932 na 1933 ilikuwa imekwisha kuchukua roho zao. Sensa hiyo iliuliza pia kuhusu dini, na baada ya miaka karibu 20 ya mahubiri ya kupinga Mungu, zaidi ya nusu ya watu wazima waliojibu walisema wao ni waumini. Matokeo yakafungiwa na sensa ikatangazwa batili. Wakuu wake wakakamatwa, na baadhi yao, akiwemo Olimpiy Kvitkin aliyekuwa mmoja wa viongozi wake, wakapigwa risasi. Mwaka 1939 ikafanywa sensa nyingine, na hiyo ikatoa milioni 170.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Naiamini methali hii, lakini ina sharti ambalo halikutajwa kwa sababu wahenga hawakuwahi kuishi pasipo nalo: lazima watu wakutane, wakae, walinganishe walichosikia. Penye kikao uongo haufiki mbali. Pasipo na kikao unaweza kutembea miaka mingi bila kujikwaa. Hannah Arendt, Myahudi wa Kijerumani aliyeikimbia nchi yake mwaka 1933, aliligusa jambo hili alipoandika kwamba raia anayependwa na utawala wa kiimla si yule aliyeshawishika kabisa, bali yule ambaye kwake tofauti kati ya tukio la kweli na la kubuni haipo tena. Mtu hafiki hapo kwa kuwa mjinga. Anafika kwa kuchoka, na kwa kuachwa peke yake na sauti moja.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Tunasema faragha tukimaanisha mahali au hali ya mtu kuwa na siri yake, mbali na macho ya watu. Lakini neno hilo limetoka katika Kiarabu, penye maana ya utupu na ya muda usio na shughuli, na kamusi za zamani za Kiswahili ziliweka maana zote mbili: mtu aliye faragha ni aliyejitenga, na pia ni aliye na nafasi. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilizitenga haki hizo, maisha binafsi katika ibara ya 12, kupumzika katika ibara ya 24. Neno letu lilikuwa limekwisha kuziweka chini ya paa moja.

Neno jingine ni shule. Tumelipata kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, nao walilipata Kilatini, na Kilatini katika neno la Kigiriki skholē, ambalo maana yake ya asili ni muda wa mapumziko. Skuli ya Wazanzibari imepitia Kiingereza, lakini chimbuko ni hilohilo. Wagiriki waliona kwamba anayejifunza ni yule ambaye saa hiyo hakimbizwi na kazi. Ni lazima niongeze hapa kwamba waliopata nafasi hiyo kule Athens walikuwa wanaume huru, na mzigo ulibebwa na watumwa na wanawake. Hata pwani yetu ya karne ya 19, uungwana wa kukaa barazani ulisimama juu ya mgongo wa mtu mwingine aliyekuwa shambani. Na leo, mama anayeamka saa kumi usiku kutafuta maji na kulala wa mwisho hana faragha ya aina yoyote. Anayetetea mapumziko bila kumtaja huyu anatetea anasa tu.

Sisemi kwamba tunaishi chini ya uimla kwa sababu simu inalia usiku. Huko ni kuwavunjia heshima waliopita katika jambo lenyewe. Nasema kwamba ile misuli ambayo tawala zile ziliikata kwa nguvu, sisi tunaiacha idhoofike kwa hiari. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kisha saa tatu usiku kundi la WhatsApp la ofisini linaamka, na hakuna anayethubutu kukaa kimya. Katikati ya meseji za kazi inapita habari ya kutisha yenye alama kwamba imesambazwa mara nyingi. Unaisukuma mbele kabla hujamaliza kuisoma. Mwaka 2019 kampuni hiyo yenyewe ilipunguza idadi ya mazungumzo ambayo ujumbe mmoja unaweza kusambazwa kwa mara moja hadi matano, na mwaka 2020 zile zilizokwisha kuzunguka sana zikabaki na moja. Hawakuzuia mtu kusema. Walimpunguzia mwendo tu.

Barazani mwendo huo uko tayari. Mtu akileta habari, kabla kikombe cha kahawa hakijapoa ataulizwa: umesikia kwa nani? Na huyo naye alikuwepo?

Huko Dresden aliishi Victor Klemperer, profesa wa lugha aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi. Wanazi walimnyang'anya kazi, nyumba, taipureta, ruhusa ya kuingia maktaba, hata paka wake. Walimpeleka kufanya kazi za shurti kiwandani. Usiku aliandika shajara kwa kalamu, akiorodhesha maneno ambayo utawala ulikuwa unayapotosha: nani ameanza kuyasema, wapi, kwa sauti gani. Kurasa zikijaa, mkewe Eva, ambaye hakuwa Myahudi na hivyo aliweza kusafiri, alizibeba hadi mji wa Pirna kwa rafiki yao daktari, aliyezificha. Zingekamatwa, wangekufa wote watatu. Klemperer alinusurika, akazirudia kurasa zake mwaka 1945, akafariki mwaka 1960. Zilichapishwa mwaka 1995, na anayezisoma leo anakuta bei za viazi, uvumi wa majirani, na tarehe juu ya kila siku.