Spreyi za kulinda rangi ya gari: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Hizi spreyi za seramiki zimejaa sa hivi, ukiingia duka la spea Mwanza unakutana nazo, kijiwe cha kuoshea magari wanazo, na kwenye simu ndo usiseme. Mi sina ugomvi na spreyi yenyewe, ni kitu kizuri na bei yake inavumilika. Ugomvi wangu ni maneno yanayouzwa pamoja na kichupa.

La kwanza, "ukipulizia hii gari halikwaruziki tena, si unaona imeandikwa 9H". Hapana bana. Ndani ya hivyo vichupa kuna silika (ile malighafi ya kioo) na silikoni kidogo kwenye maji au kimiminika kinachokauka hewani kama spiriti, kikishakauka kinachobaki juu ya rangi hakifiki hata maikroni moja, yani sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia ya kiwandani, lile tabaka angavu la juu ya rangi, peke yake ni kama maikroni 40 hadi 50, na unywele wa mtu ni kama 70, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Afu hiyo 9H ni kipimo cha penseli, yani wanachukua penseli zenye ugumu tofauti wanazisukuma juu ya rangi waone ipi itaacha alama, na 9H ndo penseli ngumu kuliko zote kwenye seti. Sawa, imeishinda penseli. Sisi huku tunaishi kwenye jiji la miamba, mchanga wetu umetoka kwenye granaiti na ndani yake kuna kwazi, kitu kinachokwaruza mpaka chuma, penseli itafua dafu wapi. Ukirudi zako na vumbi la Buhongwa kwenye boneti ukachukua tambara kavu ukafuta "kidogo tu", umeshachora miduara ile inayoonekana juani, na spreyi ipo hapohapo inatazama. Kama shida yako ni mawe yanayorushwa na malori barabara ya Shinyanga, hapo unatafuta ile filamu nene ya kubandika, maikroni 150 na kuendelea, na bei yake ni habari nyingine kabisa.

La pili ndo linaloharibu kazi za watu wengi: "we puliza tu, hata hapa juani, dakika tano umemaliza". Spreyi inashika kile ilichokikuta. Ikikuta vumbi inashika vumbi, ikikuta mafuta ya polishi ya zamani inashika hayo mafuta, na mvua mbili tatu za kwanza zinaondoka na vyote. Gari lioshwe kwa shampuu ya magari, sio sabuni ya unga iliyomwagwa kwenye ndoo bila kuyeyuka. Likishaoshwa vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi halafu pitisha vidole polepole juu ya rangi, utashangaa, pale palipoonekana pasafi panasikika kama msasa. Huo ni uchafu uliong'ang'ania, utomvu wa miti, vumbi la chuma la breki, na unatolewa kwa ule udongo maalum wa kusafishia rangi ukitelezeshwa na maji ya sabuni mengi, sio kwa kukandamiza. Kama rangi imepauka au ina miduara inapigwa kompaundi kabla, ile dawa ya kusugulia rangi, kwa sababu spreyi haifuti kitu, inafunika tu na kukingia mng'ao ule uliopo, mzuri au mbaya.

Na juani sahau. Mwanza ikweta ipo hapo kaskazini kwetu tu, digrii mbili na nusu, sasa boneti nyeusi saa saba mchana huwezi hata kuweka kiganja. Ukipulizia hapo dawa inakauka kabla hujafuta, inaacha mawingu na michirizi. Fanya asubuhi mapema au chini ya kivuli, rangi iwe ya baridi ukiigusa. Mchana upepo wa ziwani ukianza unapeperusha dawa na kuleta vumbi, kwahiyo pulizia kwenye taulo la maikrofaiba badala ya kwenye bati, mara mbili tatu zinatosha nusu ya mlango, sambaza, geuza upande mkavu au chukua taulo la pili, futa mpaka isionekane. Watu wanadhani wakimwaga nyingi ndo ulinzi unaongezeka, kumbe ile ya ziada ndo inayogeuka ukungu. Ikishakutokea puliza kidogo palepale ufute haraka, mara nyingi inatoka. Baada ya hapo soma kichupa, nyingi zinataka gari lisiguse maji kwa masaa kadhaa mpaka siku nzima, sasa wewe unapulizia jioni ya masika na wingu limeshafunga upande wa ziwani, unategemea nini?

Halafu kuna hili letu wenyewe: "nimepiga seramiki, korongo wajisaidie wanavyotaka". Anayepaki karibu na mwalo wa Kirumba anajua hao ndege wanaacha mzigo wa namna gani. Kinyesi cha ndege kina asidi, kikipigwa jua rangi inatanuka na kile kinakauka kikiwa kimeshika, kikibaki siku nzima kitaacha alama hata kwenye gari lililopakwa. Faida ya spreyi ni kwamba inakupa muda na kinatoka kirahisi. Lowesha kwanza, acha kilainike, ndo ukitoe. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi nao vilevile, ukipita usiku wanajaa kwenye bampa na taa, usisugue wakiwa wakavu.

Plastiki sasa. Hapa ndo nadhani spreyi inarudisha hela yake kuliko kwenye rangi, ila ndo pamejaa uongo zaidi. Zile bampa na pembe nyeusi zisizopakwa rangi zinapauka kwa sababu jua limevunjavunja plastiki ya juu, sio kwamba "zimekaukiwa mafuta". Kwahiyo dizeli, oili chafu na Kiwi ya viatu zinapendeza siku mbili, halafu zinavuta vumbi lote la barabarani, mvua ikinyesha zinachuruzika mpaka kwenye rangi, na mafuta ya petroli yakiingia kwenye mipira ya milango yanaivimbisha. Wengine wanapitisha moto juu ya plastiki, weusi unarudi kweli, ila kwa muda, na ukizubaa bampa inapinda. Waksi ya kawaida nayo inajificha kwenye vinyweleo vya plastiki inabaki nyeupe. Njia ni kusugua kwa brashi na sabuni mpaka kitambaa cheupe kisitoke na rangi yoyote, kausha hasa, kisha weka dawa ya plastiki inayokauka na kushika, sio ile ya kulainisha inayobaki na utelezi. Na usisubiri ipauke, plastiki ikiwa bado nyeusi ndo wakati wake.

"Inakaa miaka mitatu." Za kitaalamu za chupa ndogo za matone zinaweza kukaa miaka, hizi za kupulizia ni miezi, na gari linalolala nje juani zinapungua haraka. Pia maji yakiacha kujikusanya matone usikimbilie kusema imeisha, osha vizuri kwanza, mara nyingi ni uchafu umeifunika. Matone yenyewe yakikaukia juani yanaacha madoa ya madini, hasa maji ya kisima, kwahiyo kausha kwa taulo.

Na wale wanaoshusha magari ufukweni kuyaosha wakisema "maji ya ziwa ni bure", wajue Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na ndoo ya maji ya ufukweni ina mchanga uleule tulioukimbia huko juu.

Taa zilizogeuka njano spreyi haiziponyi, zipigwe msasa na kompaundi kwanza ndo zipuliziwe. Usukani, pedali na diski za breki usiguse kabisa, na kioo cha mbele tumia dawa yake, maana nyingi za rangi zinafanya waipa ziburute na kuacha ukungu usiku.